Nipe Mji

Kitabu kilishuka na behewa la vifurushi,
hakina jina la mchoraji, pembe moja imeliwa na mchwa.
Picha kumi na tatu, na ahadi nyuma ya jalada:
njuga moja ya fedha, ndani ya chungu kilichozibwa kwa nta,
imefukiwa mahali ambapo mguu wa mtu hufika.
Atazamaye ataona.

Baba yangu, Ndahani, karani wa tiketi,
alivuta kiti chake cha kamba za mkonge chini ya chemli
akakaa.
Miaka kumi na tisa alikaa.

Wenzake walichimba.
Picha ya tatu ina tembo aliyezama hadi magotini,
na nani hapa hajui habari ya tembo aliyezama,
*idodomya*, ndilo jina la mji lenyewe?
Wakachimba nyuma ya karakana, wakachimba korongoni.
Chibehe wa kubadili njia za reli
alipasua bomba la maji, akakatwa mshahara miezi miwili.
Baba alicheka mpaka akakohoa.
"Tembo ni mtego, Sechelela. Mkubwa vile hafichi kitu.
Mtazame mbuzi."

Mbuzi yumo picha ya saba. Ana vivuli viwili.
Nilikuwa na miaka minane; nilivipima kwa rula ya shule,
nikahesabu nukta kwenye pindo la kaniki ya mchungaji,
tano, pengo, mbili,
mate yamenijaa mdomoni kana kwamba ni za kulamba.

Usiku picha ikimshinda, alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani,
nami nikadai haki yangu: "Nipe mji."
"Nakupa Bahi."
Kesho yake Saranda. Manyoni. Itigi.
Aligawa reli kituo kwa kituo mpaka Kigoma, maji yakamzuia,
akageukia mashariki: Igandu, Gulwe, Kilosa.
Dodoma hakunipa hata siku moja.
"Huo," alisema, "bado tumeukalia."

Nikawa mpima ardhi. Msiniulize kwa nini.

Tulimzika mwezi wa tano, uwele ukiwa umekomaa.
Kwenye ukingo wa picha ya saba, kwa penseli iliyofifia:
*kimoja ni cha saa tatu, kingine ni cha saa tisa.*
Basi. Mbuzi mmoja, asubuhi na alasiri,
na pale mistari inapokatana, jiwe lenye ufa
kama mdomo wa mtu mchoyo.

Jiwe nalijua. Lilikuwa Iyumbu.
Nililipasulisha mwenyewe, likawa kokoto,
mwaka ule mji ulipotuzidi mbio,
Kitalu C, kiwanja namba mia mbili na kumi na moja.
Bikoni zote nne nimezisimika mimi.
Sahihi kwenye ramani ni yangu.

Nikabisha hodi Jumamosi, nikasema nakagua mipaka.
Mwenye nyumba alinipa kiti cha plastiki jikoni,
chai, karanga kwenye kisosi.
Kwa hesabu zangu ni kigae cha tatu kutoka kwenye friji.
Mwanawe alikuwa akidundisha mpira juu yake,
du, du, du,
nami nimetega sikio kama mwizi.
Friji ilinguruma. Hakuna kingine.

"Kiwanja changu kina tatizo?" aliuliza,
kwa ile sauti ya watu walioona alama ya X nyekundu
kwenye ukuta wa jirani.
"Hapana, mama. Kimekaa sawa."
Akashusha mabega. Akaniongeza karanga.

Ningeweza kusema. Nyundo, patasi, nusu saa.
Na kama baba alikosea mstari mmoja?
Na kama hakukosea?

Nilikunywa chai hadi kwenye chicha,
kisha kimoyomoyo nikamwambia yule mchoraji, alipo:
Haya. Nakupa Dodoma.

Kwa ada, akishapewa mji, mwenye kitendawili hutaja jibu.
Nikasubiri.
Friji ikanyamaza.
Mtoto akaukumbatia mpira, akanitazama.